Sanduku la Baba na Picha ya Mgombea

Barabara ya Ekenwan,
Benin City.
27 Septemba 2020

Mpendwa Kaka Uyigue,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Esohe na watoto hamjambo huko Brescia, na kwamba kile kikohozi cha Efe kimekwisha kabisa. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelala kitandani. Mama anakula, japo kidogo. Goti lake linamsumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua imetuzoea.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Ndege zimefunguliwa tena mwezi huu, nami nimempa barua hii binamu yake Esohe akuletee mkononi. Najua hutamrudisha mgeni mlangoni na barua yake.

Tangu ulipotuma yale maneno kwenye kundi letu la familia, kwamba tumemuuza Baba kwa kofia za chama, kisha ukajitoa, nyumba hii haijatulia. Mama alimwomba jirani amsomee, akamwomba asome tena. Hakulia. Alirudi jikoni akaendelea kumenya viazi vikuu.

Basi kabla ya yote, lijue hili. Yule mwanamke wa nguo nyeusi kwenye ile video ya kampeni, anayecheza nyuma ya picha ya mgombea, si Mama. Ni Shangazi Iyare. Barakoa ilimfunika nusu ya uso, nusu iliyobaki ukaijaza wewe kwa hasira zako. Mama siku ile hakutoka hata kibarazani.

Mwenyewe uliona kwenye simu jinsi tulivyomzika Baba uani mwezi wa sita. Watu ishirini tu, ndivyo ilivyoamriwa, na askari amesimama getini anahesabu vichwa. Watu aliowashonea nguo maisha yao yote walirudishwa barabarani. Fundi Imasuen, aliyevalisha mabibi harusi wa nusu ya mtaa huu, akazikwa bila ngoma.

Ikabaki ile siku ya kulipitisha mitaani sanduku lake la heshima, lile lisilo na maiti. Wewe ni mwanawe wa kwanza, sina haja ya kukufundisha. Bila watoto na wakwe kucheza na sanduku barabarani, mazishi hayajaisha, nyumba haiwezi kuwa yako, na Mama havui nguo nyeusi. Baba Mkubwa Ogbeide, kama kichwa cha ukoo, alikuwa kiguu na njia kuomba kibali. Kila akienda anaambiwa corona haijaisha, mikusanyiko ni marufuku. Na aliyekuwa akimwambia hivyo ni kijana wa ofisi ya vibali asiye na barakoa, anayemsogelea mpaka mate yanamrukia mzee wa watu.

Halafu kampeni za ugavana zikaanza. Kaka, laiti ungekuwepo. Makanisa yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguliwa kwa masharti, shule zimefungwa, mimi kwenye kibanda changu cha vitambaa nilikuwa nafungua siku moja nafunga mbili. Ghafla barabara ikajaa malori, matarumbeta, na watu wamebanana wanatoa jasho moja. Askari yuleyule aliyehesabu vichwa vya wafiwa, sasa anawafungulia njia. Barakoa zilikuwepo, ndiyo. Zilikuwa na jina la mgombea, na watu wamezivaa kidevuni ili midomo ipate kuimba.

Wapo wanaosema uchaguzi ungeahirishwa. Mimi sisemi hivyo. Gavana muda wake ukiisha lazima watu wachague, vinginevyo atakaa hapo na kisingizio mkononi. Kinachonichoma ni kwamba walijua jinsi ya kuishi na ugonjwa huu walipotuhitaji sisi. Tulipowahitaji wao, wakajitia hamnazo.

Sasa nifike kwenye hiyo aibu. Mwezi wa nane alikuja Bwana Osunde, unamkumbuka, yule wa nyumba yenye vigae vyekundu. Siku hizi ndiye mratibu wa kampeni wa mtaa. Akamwambia Baba Mkubwa kwamba kibali cha mazishi hatakipata hadi ndevu zimfike magotini, lakini kampeni haiombi kibali. Tuvae fulana na kofia za chama, picha ya mgombea itangulie, sanduku lifuate, na hakuna askari atakayetugusa. Alisema yote hayo akinywa maji kwenye kiti cha Baba.

Baba Mkubwa alikubali. Usimtukane, Kaka. Ameona wazee wenzake wawili wakienda mwaka huu, naye anaogopa kufa akiwa na mazishi ya mdogo wake hayajaisha mikononi mwake. Mimi nilikubali shingo upande, lakini nilikubali, na fulana niliivaa. Mama aliambiwa asubuhi ile ile, sanduku likiwa tayari limevalishwa kitambaa chekundu na mapambo yake ya shaba. Alimtazama Baba Mkubwa, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Ulitukumbusha kwenye ujumbe wako kwamba Baba hakuwahi kushona sare ya chama, hata ule mwaka tuliokula garri kavu, unga mtupu wa muhogo, bila samaki. Unadhani tulisahau? Nilitembea nyuma ya sanduku lake na uso wa mtu nisiyemjua umekaa kifuani mwangu, na kila nikianza wimbo wa kumsifu Baba, vijana wa Osunde wanauzamisha kwa wimbo wao. Tulipofika njia panda walitupigia honi, wakatutupia kofia zaidi. Mwanamke mmoja akaniuliza tunalipwa kiasi gani.

Video waliitoa wao, jioni hiyo hiyo, wakaandika kwamba ukoo wa Imasuen wote uko nyuma ya mgombea wao. Hatukuulizwa. Baba Mkubwa alipokwenda kulalamika, Osunde alimwambia kwa macho makavu, "Mzee, barabara ulipata. Ulitaka nini tena?"

Kura zilipigwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilikwenda, na utashangaa kusikia kwamba mambo yalikuwa safi. Kamba imefungwa ili tusimame mbalimbali, dawa ya mikono ipo, na binti mmoja mpole anatupima joto kwenye paji la uso, mmoja mmoja. Alipoelekeza kile kidude usoni kwangu nilimkumbuka Baba. Mwezi wa nne, Kaka, nilikaa na Baba nje ya zahanati kuanzia asubuhi, homa inamchoma, wanatuambia hawawezi kumpokea mwenye homa mpaka apimwe, na kipimo hawana. Mwishowe wakatuambia twende kwingine. Sasa vya kupimia homa vipo, kila kituo cha kura, hata kile kilicho chini ya turubai la muuza saruji.

Binti akanitabasamia, akaniambia niingie, joto langu zuri. Niliingia. Usiniulize nilimpa nani. Yule wa kwenye fulana nilimnyima, na huyo mwingine sikumpenda pia. Walipomaliza kuhesabu, kamba ikakatwa, watu wakakumbatiana wakabebana mabegani hadi giza likaingia. Mshindi ameshukuru wananchi kwa kufuata masharti ya afya. Mimi nilizima redio.

Sasa ya jana, ambayo ndiyo hasa imenifanya nikae chini niandike.

Wazee wa ukoo walikuja wakiongozwa na Baba Mkubwa. Walisema sanduku limekwishapita, mtaa mzima umeona, basi mazishi yamekamilika. Walimletea Mama kitambaa cheupe, wakamwambia avue weusi, na wewe uandikiwe kwamba nyumba ni yako. Nilidhani atafurahi. Tangu Baba afariki, miezi mitano sasa, hajaenda sokoni, hajampa mtu mkono, anakula kwa sahani yake peke yake. Amechoka, Kaka. Usiku namsikia anavyogeuka kitandani.

Mama hakukigusa kile kitambaa. Alisema polepole, kama anayeongea na watoto.

"Mliyemsindikiza barabarani ni mgombea. Mume wangu bado yuko humu ndani. Anamsubiri mwanawe."

Baba Mkubwa alisimama kwa hasira, akasema Mama anamvua nguo mbele ya wenzake, na kwamba corona inaweza kuchukua miaka, je, atakaa na weusi miaka? Mama akajibu atakaa. Akasema Uyigue atakapokuja, atalibeba sanduku yeye mwenyewe, na watu wataimba jina la baba yake, na hapo ndipo atakapovua. Wazee waliondoka bila kugusa chakula. Kitambaa wamekiacha juu ya cherehani.

Umeelewa, Kaka? Ukoo mzima tulivaa zile fulana, mimi nikiwemo. Aliyekataa ni mmoja tu, na ndiye uliyeacha kumpokelea simu. Amevaa weusi kwa ajili ya Baba na sasa anauvaa kwa ajili yako, na kila simu ikilia humu ndani anafuta mikono kwenye kanga kabla ya kuuliza ni nani. Nami huwa namjibu kwamba ni mtu mwingine.

Baba Mkubwa anakusalimu, japo amenuna. Shangazi Iyare anakusalimu na anasema hakujua kama anachezea kamera. Nipelekee salamu kwa wifi Esohe, umbusu Ivie na Efe. Mungu awalinde na ugonjwa huu, awape kazi yenye amani, na akuoneshe mapema njia ya kurudi nyumbani. Nikasirikie mimi ukipenda, hata mwaka mzima, sitalalamika. Yeye mpigie leo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Amenze