Serikali Imekukubali Kuwa Mama Yangu

Chumba namba 3, ghorofa ya pili,
Nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Pokea shikamoo hii kama vile niko mbele yako nimepiga magoti. Hujambo? Goti lako la kushoto limeitikia ile dawa ya kuchua niliyoituma, au bado linakuamsha kabla ya jogoo? Na Mjomba, anakula vizuri? Mwambie nimesikia anajifanya mgonjwa kila mke wa Kaka anapopika uji, kisha anapona wali ukiiva.

Mimi ni mzima wa afya. Nimenenepa kidogo, usinicheke. Bado nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi. Mashine yetu ya kupigia mashuka ni kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Shuka linaingia huku limekunjamana na kutoka kule limenyooka kama karatasi, na sisi wawili tunalipokea na kulikunja. Mwenzangu wa upande wa pili tunamwita Bi Sabuni kwa sababu hapendi doa hata la kusingiziwa.

Mama, kuna jambo nilikuficha kwa miezi kumi. Kila ulipopiga simu nikakuambia karatasi zangu zinaendelea vizuri, nilikuwa nakudanganya. Nisamehe. Sikutaka ulale na mawazo wakati huna namna ya kunisaidia. Leo nakuandikia kwa sababu yamekwisha, tena yamekwisha vizuri, na kwa sababu jambo lenyewe lilikuhusu wewe.

Mwaka jana niliitwa kuhojiwa ili niruhusiwe kuishi huku. Kilikuwa chumba kidogo, meza moja, afisa mmoja, na simu iliyowekwa katikati ya meza. Mkalimani alikuwa ndani ya hiyo simu. Sikumwona uso. Nilisikia sauti yake tu, na nyuma yake vyombo vinaoshwa. Lugha yetu aliijua kama mtu anavyoijua nyumba aliyopita nje yake.

Afisa akauliza habari za wazazi. Nikasema mama alifariki nikiwa na miaka mitatu. Baadaye akauliza, vita vilipofika mtaani kwenu, nani alikutoa? Nikasema, mama. Nikaeleza jinsi ulivyonipandisha kwenye lori la magunia ya saruji, ukanifunika na turubai, kisha ukarudi ndani kwa sababu Mjomba hakuweza kutembea. Nililia nikieleza. Yule wa kwenye simu akasema maneno manne au matano, afisa akaandika, basi.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Iliandikwa kwamba mwombaji amesema mama yake alifariki zamani, kisha akasema mama huyohuyo alimwokoa akiwa na miaka ishirini na sita, kwa hiyo maelezo yake hayaaminiki. Nilipewa siku sitini niwe nimeondoka. Kwa hiyo, Mama, ulikufa na kufufuka ndani ya faili, na mimi nikawa mwongo kwa kukuita jina ambalo nimekuita maisha yangu yote.

Siku ya pili nilikwenda kazini kama kawaida. Nikadhani nimejikaza, kumbe machozi yalikuwa yanadondokea mashuka masafi. Bi Sabuni alisimamisha mashine. Hakuuliza mengi. Alisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniambia, "Jumatatu mchana tunakwenda pamoja."

Tulikwenda kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, ingawa yeye ni mtu wa msikitini. Hapo ndipo nilipowajua watu hawa. Tangu vita vilipoanza, waumini wa kanisa lile na wa msikiti wa mtaa wa pili walikuwa wakisimama bega kwa bega kila Jumatatu mchana mbele ya jengo la wizara, kudai serikali isiuze silaha zinazokwenda kuua watu. Wanasimama saa moja, hawapigi kelele, kisha wanarudi ukumbini kunywa chai. Mchungaji wao ni mwanamke mrefu, sauti ya kuamrisha jeshi. Maalim wa msikitini ni mzee mfupi mwenye miwani inayoteleza, na babu yake alitoka pande zetu, kwa hiyo lugha yetu anaielewa.

Maalim alisoma barua yangu, akaniuliza mama yupi ni yupi, nilipomweleza akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaigonga barua mezani kwa hasira. Akamgeukia Mchungaji akamweleza kwamba kwetu dada wa mama naye huitwa mama, na binti huyu anafukuzwa kwa sababu ya adabu aliyofundishwa nyumbani. Mchungaji akauliza swali moja tu: ni wangapi wengine?

Wiki iliyofuata wakatangaza makanisani na misikitini, kila mwenye barua ya kukataliwa ailete. Zililetwa arobaini na moja. Tulizitandaza kwenye meza za ukumbi na kuzisoma mpaka shingo zikauma. Kulikuwa na fundi viatu aliyewaita watoto wa marehemu kaka yake "wanangu", akaandikwa kwamba amejiongezea watoto. Mama mmoja alisema "ndugu yangu" akimaanisha mtu wa kijijini kwao, wakamuuliza mbona jina la baba halifanani. Karibu zote zilipita kwenye simu ya mezani kama ile yangu.

Wakili wa kanisa, dada mdogo anayetembea kama amechelewa daima, alikata rufaa zetu ili siku zisimame. Kisha akatuambia kitu ambacho hakuna aliyekijua: chumba cha rufaa kiko wazi kwa mtu yeyote kuingia na kusikiliza, ila hakuna anayekwenda. Basi, tukaenda.

Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, mabenchi yalijaa. Wazee wa kanisa, akina mama wa msikitini, Bi Sabuni alipokuwa zamu ya mchana. Wanakaa kimya, kila mmoja na daftari, wanaandika kinachosemwa. Siku ya kwanza mlinzi alitaka kututoa. Wakili akamwonyesha kifungu cha sheria, mlinzi akakisoma, akakuna kichwa. Mwezi wa pili alikuwa anatuletea viti vya ziada mwenyewe. Na maafisa nao, Mama, mtu akijua anaangaliwa hata anavyokaa kwenye kiti hubadilika.

Usidhani ilikuwa mteremko. Kuna familia zilihama kanisa, zikisema Mchungaji anapenda wageni kuliko kondoo wake. Maalim alinuniwa na wafadhili wawili wa msikiti. Mheshimiwa mmoja alisema redioni kwamba watu wa dini wabaki na sala zao wasiguse sera. Mchungaji alimjibu Jumapili mimbarini kwamba anazo sala, na hii ni mojawapo. Mimi mwenyewe nilikata tamaa mara mbili, nikafungasha begi. Mara zote mbili Bi Sabuni alilifungua na kunipangia nguo kabatini upya, zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi.

Mwezi wa tatu tukapeleka madai bungeni. Yalikuwa matatu, mepesi kabisa. Mkalimani awe chumbani, tena aliyepimwa lugha. Mahojiano yarekodiwe sauti. Mtu asomewe maneno yake kabla ya kutia sahihi. Yalisainiwa na watu wa makanisa kumi na nane na misikiti kumi na mmoja, na hekalu moja lililosikia habari likaja lenyewe. Kamati ya bunge ikatuita, na Mchungaji akasema mimi nisisemewe, niseme mwenyewe.

 Chumba kikubwa, zulia linalomeza vishindo vya miguu, waheshimiwa tisa wamekaa nusu duara. Nilieleza kama nilivyokueleza wewe hapa. Nilipomaliza, mheshimiwa yuleyule wa redioni akaegemea mbele. Akasema kosa ni langu. Kwa nini sikusema tu kwamba aliyenitoa ni dada wa mama yangu, nikajiepusha na taabu yote hii?

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamjibu, "Mheshimiwa, sikuulizwa nani alinizaa. Niliulizwa nani alinitoa kwenye vita. Mtu arudi ndani ya mtaa unaoungua baada ya kunificha mimi, halafu nije hapa nimwite dada wa mtu?"

 Nyuma yangu nilimsikia Maalim anapenga kamasi. Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo, akaniuliza taratibu kwetu dada wa mama anaitwaje. Nikamwambia, akiwa mkubwa kwa mama ni mama mkubwa, akiwa mdogo ni mama mdogo, lakini ukiwa mbele yake ni mama tu. Akaandika. Akamgeukia mheshimiwa akamuuliza kama ana swali lingine. Akatikisa kichwa, akaegemea nyuma.

Baada ya wiki mbili kura ikapigwa. Sita walikubali, watatu walikataa. Yote matatu yakapita, na zile barua arobaini na moja zikaamriwa zisikilizwe upya. Habari ilitukuta kazini. Bi Sabuni aliachia upande wake wa shuka likaburuzika sakafuni, yeye ambaye hapendi doa, akanikumbatia mbele ya msimamizi. Msimamizi akazima mashine zote. Wenzetu wa upande wa kufua wakatoka na mapovu mikononi kuuliza nani amefariki.

Mama, sasa sikia sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nilipoitwa tena, chumba kilikuwa kilekile, lakini simu haikuwepo. Palikuwa na mkalimani amekaa kando yangu, bibi mmoja mwenye mvi, ana kikohozi kidogo. Afisa akauliza nani alinitoa kwenye vita. Nikasema, mama. Yule bibi hakutafsiri. Alimwomba afisa ruhusa, akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu, "Mama mkubwa au mama mdogo?"

 Nilimshika mkono nikalia, na afisa akasubiri. Nilipoweza kusema nikasema, mkubwa. Akatafsiri, na alitumia sentensi nzima, ndefu, na afisa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nimekubaliwa. Nina kibali cha kudumu, nimekiweka ndani ya Biblia ya Mama aliyenizaa. Kati ya wale arobaini na moja, ishirini na tisa wamekwisha kukubaliwa, fundi viatu na wanawe wote wakiwemo. Watano bado wanasubiri. Saba walikuwa wameshasafirishwa kabla hatujaanza, na Wakili anawatafuta mmoja mmoja. Hilo linatuzuia kushangilia kwa sauti ya mwisho. Jumatatu bado tunasimama mbele ya wizara, maana vita havijaisha, na sasa mimi ndiye nashika ubao wa mbele.

Lakini sikukuandikia kukueleza tu. Uamuzi wa kesi yangu umeandikwa kwamba aliyemlea mtu kama mwanawe atahesabiwa mzazi wake. Wakili ameusoma mara tatu na anasema maana yake ni kwamba naruhusiwa kumwalika mzazi wangu. Mjomba ataangaliwa na Kaka. Nimeshazungumza naye, amekubali hata kabla sijamaliza kusema.

Nipigie picha nne ndogo. Masikio yaonekane, usitabasamu, na uvue miwani. Fomu nimeshaijaza. Palipoandikwa "Mama" nimeandika jina lako, afisa wa dirishani akaligonga muhuri bila kuuliza chochote.

Nisalimie Mjomba, Kaka na mke wake, na mtoto wao aliyeanza shule. Jirani wa ukuta mmoja naye mpe salamu. Bi Sabuni anakusalimu, na Maalim anaomba umletee habari za kijiji cha babu yake.

Mungu aliyetutenganisha tukiwa hai atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Kifungua Mimba wako wa kulea.