Jina la Bakhit Halikusomwa

Rotterdam, 3 Aprili 1966

Dada yangu Shaikha,

Nnakusalimu wewe kwanza, shemeji Bakhit baada yako, na watoto wote uwabusu kwa ajili yangu. Mie mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inakuingia mpaka ndani ya soksi. Lile goti lako vipi? Usinifiche. Wewe hata ukiwa taabani utasema hujambo.

Khabari yangu kubwa ni kazi. Meli nimeziacha moja kwa moja. Sasa namwendeshea gari Bwana Hamminga, mkubwa wa chama cha wafanyakazi wa bandari. Dada, ungemwona ungempenda. Alikuwa mtu wa winchi, kama Bakhit alivyokuwa Malindi, bandarini kwetu Unguja. Kidole kimoja kilikatwa na waya, na akihutubia hukiinua kile kigutu, ukumbi mzima ukanyamaza. Mwaka jana aligomesha bandari siku kumi na moja na matajiri wakasalimu amri. Tena hana makuu. Anakula na sie madereva, mkate na samaki mbichi na vitunguu. Ndiyo, mbichi! Chama chao cha siasa kinamtaka agombee ubunge, na watu wanasema huyu ipo siku ataongoza nchi.

Juzi nikamwambia kuwa shemeji yangu yuko kambi ya mafuta huko Omani, na kuwa baadhi ya wakubwa wa kampuni ni Waholanzi wenzake. Akaniambia nisimamishe gari. Akasema, "Mwambie aniandikie kila kitu. Mfanyakazi ni mfanyakazi popote alipo." Basi andikeni. Uandike wewe, maana mwandiko wa shemeji hata malaika hausomi.

Mdogo wako,
Suud


Sidab, Maskati, 20 Juni 1966

Mdogo wangu Suud,

Barua yako imefika imechakaa, kama imekuja kwa miguu. Sie wazima, alhamdulillahi. Goti ni langu, niachie mwenyewe. Watoto wanauliza kama kweli unakula samaki mbichi. Nimewaambia mjomba wenu keshapotea, tumuombee.

Bakhit anasema, mie naandika. Kambini wazungu wana maji ya barafu. Wenzetu maji yao huja kwa lori, yakakaa kwenye mapipa juani mpaka yanaunguza ulimi. Mwezi wa Shawwal bomba lilimwangukia mtu mguuni. Walimpakia kwenye lori wakamshusha kwao Sib, hata pole hakupewa. Na humu nchini ukitamka tu kuwa wafanyakazi waungane, unafungwa ngomeni na hapana wa kukuulizia. Lakini Bakhit unamjua. Amekaa na wenzake kumi, wote watu wa kwetu waliotoka Unguja kama sie, na amewaapisha kwa msahafu: siku watakapopata mtu wa kuwasemea nje, wataacha kazi pamoja mpaka waletewe maji na daktari.

Majina yao sikuyaandika. Nimeandika yale ya barazani tu, tunavyoitana wenyewe: Kitumbua, Saa Mbovu, Kofia Mbili, na wengine utawaona chini ya karatasi. Wewe utawajua. Nimeandika Kiswahili kwa herufi zetu za Kiarabu, za chuoni. Mwarabu akiikamata atasoma asifahamu, na mzungu hata kuisoma hawezi. Bwana wako mwambie hali. Watu usimwambie. Nnakuusia kama nilivyokuwa nikikuusia ukienda skuli, Suud, na mie ndiye niliyekulea: majina yabaki kwako.

Dadako,
Shaikha


Den Haag, 2 Machi 1967

Dada yangu mpenzi,

Nnataraji nyote hamjambo. Nisamehe kwa kukawia. Mbio za uchaguzi zilikuwa usiku na mchana. Tumeshinda! Bwana Hamminga ni mbunge, na mie nimehamia naye huku kwenye mji wa bunge. Nina meza yangu ofisini kwake, Dada, na ufunguo wangu. Nafungua barua zake, naandika nani kaja na nani kaondoka. Ningetamani baba angekuwa hai aione meza hii.

Barua yako nilimsomea jikoni kwake mara mbili, nikimfasiria neno kwa neno. Mkewe alilia. Yeye alipiga meza kwa ngumi, akasema jambo hili halitoachwa. Mwambie shemeji avute subira, mtu wetu yuko juu sasa.

Mdogo wako,
Suud


Sidab, 14 Januari 1968

Suud, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Afya tunayo, lakini hatuna kingine, na sijui nianzie wapi.

Siku ya Jumatatu asubuhi watu walipofika kambini walikuta askari langoni. Karani akatoa karatasi akasoma majina kumi, jina la mtu na la baba yake na la babu yake. Aliyesomwa alitoka mstarini akapandishwa gari. Sleyum, yule Saa Mbovu, alikwenda huku kashika chakula chake. Wote ni wale wale walioapa, kasoro Majid. Badala ya Majid wamemtaja kaka yake, Aflah, ambaye hajawahi hata kuliona lango la kambi. Aflah anauza vitambaa Matrah! Wamemtoa dukani na mita yake mkononi. Mkewe Nasriya ni jirani yangu, ukuta mmoja, na kutwa ananiuliza mume wake kafanya nini. Wote wako ngomeni.

Bakhit hakusomwa. Yeye aliyewaapisha! Alisimama pale akingojea jina lake mpaka karani akakunja karatasi. Sasa unajua watu wanasema nini. Wanasema kawauza. Msikitini akitoa salamu hajibiwi. Jana wanawake kisimani wamenipisha wote, nikachota peke yangu. Majid amekuja mlangoni kwetu akatema mate. Bakhit hali, Suud. Nauliza, nani katutaja? Huko kwenu hamkusikia lolote?

Dadako,
Shaikha


Den Haag, 25 Februari 1968

Dada yangu,

Pole, pole sana. Nimeisoma barua yako. Hapa sijasikia kitu. Labda ni mmoja wao kaponyokwa na mdomo, au yule karani ana masikio marefu. Mambo haya mtu hawezi kuyajua.

Ningekuwa wewe ningemshukuru Mungu kuwa Bakhit hakutajwa. Maneno ya watu yatapita. Namsikitikia Kitumbua wetu masikini, Aflah, tangu utoto hana bahati.

Bwana Hamminga ana shughuli nyingi lakini hajawasahau.

Mdogo wako,
Suud


Sidab, 30 Machi 1968

Suud,

Kheri tunayo kiasi alichotaka Mungu.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaketi chini jikoni. Umemwita Aflah Kitumbua. Nani anamwita Aflah Kitumbua siku hizi? Alipooa alilivua jina lile, kama kila mwanamme wa kwetu anavyovua jina la utoto mbele ya wakwe, na Majid mdogo wake akalirithi. Ni miaka sita sasa. Mtu yeyote wa Sidab, yeyote wa Unguja aliyekuwapo harusini, anajua Kitumbua ni Majid. Asiyejua ni mmoja tu, aliyepanda meli kabla ya harusi ile.

Kisha nikajiuliza, nani angewataja wote akamwacha Bakhit? Adui angeanza na Bakhit. Aliyemwacha ni mtu aliyekuwa akimwonea huruma dada yake.

Ni wewe. Wallahi ni wewe, na sikutaka kuamini. Nilikubeba mgongoni, nikakuogesha, nikauza bangili zangu upate skuli, na kitu kimoja tu nilikuusia!

Sitaki sababu. Nataka hivi: uandike kwa mkono wako kuwa majina umeyatoa wewe, na kuwa Bakhit hakujua. Uyaandike kwa herufi zetu, yasomwe msikitini siku ya Ijumaa. Nikisema mie watasema mke anamtetea mumewe. Mkono wako wataujua. Usikawie, Suud. Bakhit anakonda nnamwona.

Dadako bado,
Shaikha


Den Haag, 19 Mei 1968

Dada yangu,

Nnakuamkia, ingawa sijui kama utaitikia.

Ni kweli. Bwana Hamminga aliniomba majina. Akasema malalamiko yasiyokuwa na wenyewe ni uvumi, hawezi kusimama nayo mbele ya wakubwa wa kampuni. Nikamwandikia kwa herufi za kizungu, majina kamili, ili wasichanganywe na watu wengine. Nilidhani ni kwa kuwalinda. Bakhit nilimwacha kwa ajili yako, nikadhani nakufanyia wema.

Kisha alikaa mezani na wakubwa wale. Wao walitaka kujua ni kina nani, yeye alitaka waache kumwona mtu wa fujo, basi akawapa karatasi yangu. Nilipomuuliza, akasema, "Suud, siasa si gati." Na akanionya nisilitaje tena.

Barua unayoitaka nitaiandika, naapa. Lakini si sasa. Mwezi wa Septemba chama kinachagua kiongozi, na yeye ndiye anayetajwa. Barua ile ikivuka bahari ikaangukia mwandishi mmoja wa gazeti, kamalizika, na mie nimemalizika naye. Nivumilieni mpaka Septemba. Bakhit ni mwanamme, atastahamili.

Mdogo wako,
Suud


Sidab, 7 Oktoba 1968

Suud,

Sikuulizi hali.

Septemba imekuja imekwisha. Nilikwenda posta ya Maskati kila wiki na goti langu hili. Watoto wetu hawachezi na mtu. Kijana wetu mkubwa alirudi na mdomo umepasuka, akamuuliza baba yake, "Kweli umewauza?"

Asubuhi ya pili yake Bakhit aliniomba kanzu yake safi. Akanywa kahawa, akaniambia nisimfuate. Alikwenda mpaka lango la ngome, akamwambia askari, "Kwenye ile karatasi mmesahau mtu." Akajitaja, yeye na baba yake na babu yake. Askari walimcheka kwanza, wakadhani ni mwendawazimu. Kisha wakamfungulia lango, akaingia.

Alikuwa anajua kuwa ni wewe. Nilimwambia. Akasema nisikutangaze, kwa kuwa ni wewe mwenyewe unayetakiwa kusema.

Shaikha


Den Haag, 9 Septemba 1970

Dada yangu Shaikha,

Miaka miwili sikuthubutu kukuandikia. Nnakusalimu na nnakulilia.

Bwana Hamminga alipochaguliwa kiongozi nikasema sasa nitaandika. Ukaja uchaguzi wa mabaraza, nikasema baada ya huo. Daima palikuwa na kitu mbele. Leo picha yake iko kila ukuta wa nchi hii na kile kidole kimeinuliwa juu. Mwezi wa Aprili kijana mmoja wa ofisini akaja kuniambia meza yangu inahitajika. Bwana mwenyewe nilikutana naye ngazini. Akanipa mkono kama anavyowapa wapiga kura, akapita.

Nasikia Maskati kumebadilika, kuna Sultani mpya, wafungwa wametoka, na watu wa Unguja wanaitwa warudi kufanya kazi serikalini. Nina Kiingereza na Kiholanzi, najua kazi ya ofisi. Ndani ya bahasha hii kuna ile barua, kwa herufi zetu, na sahihi yangu. Isomeni msikitini. Kisha niruhusu nije nyumbani.

Mdogo wako,
Suud


Sidab, 18 Oktoba 1970

Suud,

Salamu zako zimefika. Sie tuko.

Bakhit ametoka mwezi wa Agosti, meno mawili hana, na jicho la kushoto halioni vizuri. Nilimsomea barua yako mwanzo hata mwisho. Alisikiliza, kisha akaniuliza kama kahawa iko tayari. Haihitaji, Suud. Siku aliyoingia ngomeni kwa miguu yake, Sleyum na wenzake walimsogezea sahani wakala pamoja. Walipofunguliwa walimtanguliza yeye atoke mbele. Majid alimbusu kichwa mbele ya watu. Barua yako imo ndani ya bahasha hii, nakurudishia.

Aflah hakutoka. Alikufa kwa homa mwaka jana mle ndani, na hatukuambiwa mpaka baada ya mwezi. Muda wote huu Nasriya alikuwa akiniuliza kwa juu ya ukuta wetu, muuza vitambaa ana nini na mafuta? Na mie nikinyamaza. Dhambi hiyo ni yangu. Nilinyamaza kwa ajili yako, kwa sababu nimekulea.

Juzi nilikwenda kwake nikamwambia. Nikamtajia jina lako, na la baba yetu, na la babu yetu, kama karani alivyolisoma la mumewe. Hakulia. Aliniuliza utafika lini, na kama ni kwa meli au kwa ndege. Nikamwambia sijui.

Nchi imefunguliwa, hapana wa kukuzuia. Lakini ukija, mlango wa kwanza ni wake.

Shaikha,
mke wa Bakhit