Neno Alilokwenda Nalo

12 Januari

Mwanangu Kiberiti,

Kwanza nijue hali yako na ya nyumbani kwako. Kifua bado kinakubana kukiwa na baridi? Mke wako anajua kwamba shuleni walikuita Kiberiti kwa zile hasira za kuwaka upesi, au bado unamficha? Mimi sijambo, ila goti la kukanyagia cherehani limeanza kudai mapumziko, na sare za shule haziwezi kungoja goti.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu mwanangu afariki hatujaandikiana, wala hukufika kumzika, na sikulaumu. Kazi za watu zina wenyewe. Nakuandikia kwa jambo la kile kikundi chenu cha Linux. Jumamosi zangu zimekuwa kimya mno. Mlikuwa mkijaa hapa sebuleni na kompyuta zenu za kuokoteza, mnabishana mpaka majirani wanadhani mnagombea urithi, na yeye amesimama mbele na chaki, anaeleza kwamba mfumo huu wa kompyuta ni wa bure na kila mtu ana ruhusa ya kuupasua tumbo aone kilichomo. Sikuelewa hata nusu. Nilipenda kelele zenu.

Nimewazungukia waliobaki. Fundi friji bado ana hamu. Anataka kompyuta imwambie friji ya mteja ikipata joto, kabla nyama haijaoza. Mwalimu wa hesabu anataka kuchora nyota. Nesi bado anatafsiri maneno ya kwenye skrini, ili hata mtu kama mimi ajue pa kubonyeza. Wote wamesema neno moja: akija Kiberiti kutuongoza, tunarudi. Wewe ndiye uliyekianzisha na mwanangu, na nusu ya ujana wako umeula mezani kwangu.

Sebule ni yenu. Naomba jambo moja. Kompyuta yake iko palepale chini ya meza, na haijazimwa tangu alipoiwasha yeye kwa mkono wake. Umeme ukikatika inashikiliwa na ile betri ya gari aliyoifunga. Aliniambia, "Mama, hii ikizimika itauliza neno langu la siri, na neno hilo sijampa mtu." Humo ndani zimo sauti zake, masomo ya Jumamosi aliyokuwa akiyarekodi. Mwalimu alinionyesha pa kubonyeza, nami kila Jumamosi nasikiliza somo moja. Mwishoni huwa anaita, "Mama, watu wana kiu huku!" Nami nasikika jikoni nikimjibu, "Na mikono hawana?"

Basi msiizime.

Mama yako

20 Februari

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona. Siku hizi nafanya kazi penye kiyoyozi. Baridi naipanga mwenyewe. Pole na goti. Uzee haupigi hodi, Mama, uliukaribisha mwenyewe kwa kukaa na hicho cherehani miaka yote.

Kuhusu mazishi, nilikuwa na mkutano usioweza kuahirishwa. Marehemu angenielewa, yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Natania tu, unanijua.

Wazo lako limekuja wakati wake. Mwezi ujao nahamishiwa huko kikazi, na mgeni wa ofisini akiwa na kikundi nyuma yake huonekana mtu. Ila tuelewane mapema. Usidhani kikundi kilikufa kwa sababu yeye alikufa. Kilikuwa mgonjwa kitambo. Kila mtu na lake, huyu friji, yule nyota, na kiongozi anachekacheka tu na kuwaacha. Mimi nitakipa sura. Waambie Jumamosi ya kwanza kila mmoja asimame aseme anapenda nini, nami nitamwambia kama kinafaa.

Habari ya kompyuta nimesikia. Nani atakayetaka kugusa takataka ile? Tafuta mabenchi.

Mwanao,
Kiberiti

2 Aprili

Mwanangu,

Watoto hawajambo? Na wewe, ile sauti iliyokauka Jumamosi imerudi? Ulisema sana siku ile. Naandika ingawa tunaonana kila wiki, kwa sababu mbele za watu maneno yako hayana mlango wa mimi kuingilia.

Nashukuru. Sebule imekuwa sebule. Nimeshona mito ya mabenchi kwa vipande vya sare, na nesi kasema sasa watu watasinzia. Nilipowasikia mnabishana nilisimama koridoni na sufuria mkononi mpaka ikapoa.

Yapo mawili matatu. Mwalimu wa hesabu hajarudi tangu ulipomwambia nyota hazina soko, na kwamba mtu mzima anayehesabu nyota huenda hana kitu cha kuhesabu mfukoni. Watu walicheka, naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa karibu naye. Aliukunja mchoro wake, akaukunja tena, mpaka ukawa kama kipande cha sabuni. Na ile picha ya mwenzako uliyoishusha ukutani ili upate mahali pa kutundika kitambaa cheupe cha kuonyeshea masomo, niliikuta nyuma ya mlango, uso umeelekea ukutani. Nimeifuta vumbi. Sijakasirika.

Sasa nasikia umepata wafadhili na ofisi ya vioo, na kwamba unaitaka kompyuta yake ikae mlangoni, wageni waone kikundi kilikoanzia. Sitakuzuia, ni jambo la heshima kwake. Ila mwalimu aliniambia sauti zinaweza kunakiliwa bila kompyuta kuzimwa. Nimenunua diski. Iko kwenye droo ya cherehani, imefungwa kwa kitambaa cha bluu. Toa sauti kwanza, ndipo uichukue. Nakuomba kama nilivyokuomba mwanzo.

Mama yako

23 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimeambiwa hujagusa cherehani wiki nzima. Unaumwa, au umenuna? Kama ni kuumwa, pole. Kama ni kununa, soma mpaka mwisho.

Siku niliyokuja na gari niliikuta diski yako, nikakaa nikanakili kama mtoto mtiifu, wewe ukiwa jikoni. Lakini diski yenyewe ndogo, Mama. Niliweka majina ya wanachama, programu zetu, na picha tulizopiga na wafadhili, ikajaa. Sauti zinakula nafasi. Nilifungua moja nikasikiliza: mtu anakohoa, anachora ubaoni, anakohoa tena, halafu wewe na yeye mnapigizana kelele za chai. Nani atakuja kusikiliza hayo? Nikaziacha.

Nikachomoa waya, wa ukutani na wa ile betri, kwa sababu kompyuta haipandi gari ikiwa imefungwa ukutani. Ulipoangusha sinia nilidhani umeungua, kumbe ni machozi tu. Vikombe nitakuletea vingine. Ila kunikamata shati mbele ya dereva, mtu mzima kama wewe, haikuwa vizuri. Nilichozima ni chuma. Yeye tulishamzika.

Kuanzia sasa tutakutana ofisini. Mabenchi unaweza kuyarudisha.

Mwanao,
Kiberiti

11 Juni

Shikamoo Mama,

Hujajibu. Kimya cha mama humtia mtoto mkosi, kwa hiyo jibu hata kwa matusi. Goti linaendeleaje?

Tuna tatizo dogo. Nesi alikuja ofisini akalia mbele ya wageni kama aliyefiwa. Ile tafsiri yake yote ilikuwa humo, kwenye folda ambayo sikuifungua siku ile, na nakala nyingine hana. Alimwamini marehemu amtunzie. Nami nimeshawaahidi wafadhili kompyuta inayosema Kiswahili. Tumeiwasha, na kweli inauliza neno la siri. Vijana wamejaribu mpaka vidole vimeota sugu.

Sasa wewe ndiye uliyemzaa. Jumamosi nitatuma gari. Kabla ya hapo kaa ufikirie alipenda nini: vitu, watu, maneno aliyozoea kusema. Neno likipatikana na sauti zako zitafunguka hapohapo, na nitakupa zote, naapa. Kwa hiyo usije ukasema unanisaidia mimi. Ni faida yako.

Mwanao,
Kiberiti

1 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Na watoto? Nashukuru kwa gari. Nilifika nyumbani salama, nikalala na viatu.

Nimechelewa kuandika kwa kuwa nilitaka kwanza maneno yapoe. Nakueleza ya siku ile jinsi yalivyoonekana kutoka kwenye kiti changu, kwa maana wewe ulikuwa umesimama, na aliyesimama haoni sawa na aliyekaa.

Mlianza kwa desturi yenu, kila mtu kusema anapenda nini. Wengi walikuwa vijana wageni. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Napenda kumsikia mwanangu." Kijana mmoja nyuma akauliza, "Hiyo nayo ni programu gani?" Mkacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuja na tumaini, na mwenye tumaini hucheka na yeyote.

Kisha ukaniweka mbele ya skrini, ukashika kibodi. "Haya Mama, alipenda nini?"

Nikakutajia mbwa aliyemwokota akiwa darasa la pili, akamficha kwenye kapu la nguo. Ukaandika jina la mbwa. Ikakataa. Nikakutajia jina nililokuwa nikimbembelezea alale. Ikakataa. Jina la baba yake. Rangi ya baiskeli yake ya kwanza. Machungwa, kwa kuwa alikuwa akiyala na maganda yake. Wimbo aliokuwa akiuimba akioga, ambao maneno yake alijitungia. Kila moja nililitoa kama mtu anayetoa nguo sandukuni, nawe ukalitupa sakafuni mbele za watu, ukasema, "Lete lingine."

Vijana wakaanza kupiga kelele kama kwenye mpira. "Jaribu timu yake!" "Jaribu jina la mchumba!"

Nikasema mwanangu hakuwa na mchumba.

Fundi friji akainamisha kichwa. "Alikuwa naye, Mama. Muda mrefu. Si yule mwenye miwani, aliyekuwa akikaa karibu na dirisha?"

Mwanangu, msichana yule nilimpa chai Jumamosi ngapi sijui, nikimwita mgeni. "Karibu mgeni. Ongeza sukari, mgeni." Naye akinishukuru kwa mikono miwili.

Ukaandika jina lake. Nalo likakataliwa. Ndipo ukawageukia watu, ukasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, kumbe hata mama mwenyewe hamjui!" Kicheko chao kilinisindikiza mpaka mlangoni. Hakuna aliyeinuka isipokuwa nesi, naye alinishika mkono kama anavyowashika wagonjwa wake.

Huenda ulisema kweli. Mtu unamzaa, siri zake huzizai. Lakini nesi ameniambia mnataka kuifuta kompyuta muweke mfumo mpya. Nakuomba msiifute. Nirudishieni kama ilivyo, hata ikiwa bubu. Nitaiweka chini ya meza palepale. Maneno niliyonayo hayajaisha, siku ile niliona haya nikasahau mengi. Nitakuwa nikijaribu moja moja, peke yangu, pasipo watu. Huenda siku moja nikamkumbuka vizuri.

Mama yako

9 Agosti

Shikamoo Mama,

Goti, presha, majirani, vyote salama? Mimi sina muda hata wa kuugua, ila kifua kimeanza tena vituko vyake.

Nina habari njema. Barua yako ilifika, lakini ilikaa chini ya kadi za mialiko, nikaisoma mambo yakiwa yamekwisha. Kompyuta tumeifuta. Usishtuke, ni kazi fupi kuliko kuosha vyombo. Sasa inakwenda kama imenunuliwa jana. Nesi ameacha kikundi, anasema hana nguvu za kuanza upya. Fundi friji naye kaondoka nyuma yake, bila kuaga. Jahazi limepunguza mzigo. Wanachama sasa ni wengi kuliko wakati wowote wa marehemu, na nikiwauliza wanapenda nini, wote wanajibu sawa. Hicho ndicho kikundi.

Lakini subiri usikie zuri lenyewe. Kompyuta ile tumeipa jina lake! Kila kijana anapoiwasha, skrini nzima inaandika jina la mwanao kwa herufi kubwa, chini yake nembo ya wafadhili. Bosi wao mkubwa alipoiona alifuta macho. Ni wazo langu, kwa hiyo usiseme tena kwamba nimemsahau.

Jumamosi tunaizindua. Njoo ukate utepe na useme maneno mawili ya shukrani. Vaa vizuri, wapiga picha watakuwepo. Na tafadhali, mambo ya sauti usiyataje.

Mwanao,
Kiberiti
Mwenyekiti

13 Agosti

Kiberiti,

Pole na kifua. Usikae moja kwa moja chini ya kiyoyozi, na ukitoka nje jifunike.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaendelea kusimama. Sitakuja kukata utepe. Gari usilitume.

Nilimtafuta yule msichana mwenye miwani. Neno la siri halijui. Anajua kwamba mwanangu alikuwa akiogopa kupanda ngazi za chuma, na kwamba alikuwa akichelewa kila mahali kwa sababu ya kuzizunguka. Mimi sikulijua hilo. Alikaa sana. Alipoondoka nilimwita mkwe wangu, akalia.

Sasa habari ya lile jina. Hukumpa wewe, wala wafadhili wako. Nilimpa mimi, hajafumbua macho sawasawa, bila kumuuliza mtu. Nimeliita akiwa mtoto akaja mbio, nimeliita akiwa mkubwa akaja taratibu, na siku ile hospitali nililiita hakuitika. Sitaki liwe linaitika kwenye ofisi yako kila kijana anapobonyeza.

Kufuta mnajua. Futeni na hilo.

Mama yake