Maoni ya Rita kwenye Jalada la Nyuma

Al-Malqa, Riyadh
2 Mei 2025

Kwa mdogo wangu Eddah,

Nakusalimu kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima, goti tu linalalamika kwa sababu ya ngazi, na nyumba hii ina ghorofa tatu. Wewe je? Kile kikohozi kimekuacha? Na mtoto wa madam wako, siku hizi analala bila kubebwa?

Kitabu nimekipata. Dereva Josphat alimleta bosi wake kutoka Jeddah kumsalimu madam wangu, akanipitishia mlango wa nyuma pamoja na korosho ulizotuma. Mungu ambariki huyo bosi kwa kumpenda dada yake, maana asingekuja Riyadh kila wiki tatu, mimi na wewe tungekuwa mabubu. Simu yangu bado iko kwenye kabati la madam, tangu msichana niliyefanya naye kazi hapa alipowapiga watoto picha. Atanirudishia siku ya kuondoka. Nimechoka kuidai.

Sheria ya kitabu chetu cha zamu bado naikumbuka: unasoma hadi mwisho, ndipo unafungua jalada la nyuma, unasoma maoni ya wenzetu waliokisoma kabla yako na kuandika yako. Jalada nimelibana kwa kibanio cha nguo nisije nikachungulia. Nasomea chumba cha kufulia, saa nane mchana, nyumba nzima ikiwa imelala.

Niko ukurasa wa sitini na huyu Adelle ameshanichosha. Mtu amekaa mbali na kwao miaka kumi na mmoja. Barua za mama yake zinamwita, rudi nyumbani, rudi nyumbani. Anafika kwenye jumba lao jeupe huko Kusini mwa Amerika, penye joto na miti yenye ndevu, na dada yake Maybeth anamwambia mama yuko hospitali mji mwingine na haruhusiwi wageni. Na anakubali! Anaenda kumkodolea macho fundi wa paa. Mimi ningeuliza hospitali gani, wodi gani, kitanda cha ngapi. Huko juu kuna mtu anatembea, yeye anasema ni upepo.

Sasa ya kwetu. Mkataba wangu unaisha tarehe kumi na tisa Novemba. Miaka sita, Eddah. Ukiongea na ndugu yetu Duncan Ijumaa, amuulize Mama anataka shali ya rangi gani. Najua Mama simu haisikii vizuri, lakini Duncan ainame kwenye sikio la kushoto. Uniandikie jibu lake neno kwa neno, kama unavyofanya siku zote.

Dada yako mkubwa,
Jerusha


Al-Safa, Jeddah
23 Mei 2025

Dada yangu Jerusha,

Shikamoo, na pole na goti. Kikohozi kimeisha, limebaki joto. Mtoto halali bado. Anataka mgongo wangu na si wa mama yake, na madam ameanza kunikasirikia kwa hilo, yaani mimi ndiye nimekosea kupendwa.

Kuhusu Adelle nakubali, ni mzembe. Lakini Maybeth usimhukumu mapema. Yeye ndiye aliyebaki na hilo jumba, paa likivuja, mjomba akitaka kuliuza. Wewe unaona uongo wake tu. Mimi naona mtu ambaye hana wa kumsaidia kubeba. Tena usikimbize hicho kitabu, Paul na Gilbert ndio wanaofuata kwenye orodha na hawana haraka.

Duncan anakusalimu. Mama anasema shali iwe nyepesi, ya kijani. Halafu akasema hivi: "Mwambie Jerusha siku akija asibishe hodi. Aingie tu."

Mdogo wako,
Eddah


Al-Malqa, Riyadh
13 Juni 2025

Kwa Eddah, mdogo wangu,

Natumai u mzima, mimi pia ni mzima, isipokuwa nina hasira na mtu nisiyemjua. Nimefika ukurasa wa 287. Adelle amepanda ngazi za juu na taa mkononi, ameshika kitasa cha chumba cha mama yake, anageuza, nami nageuza ukurasa, na mafi! Hakuna kitu! Kurasa zote za mwisho zimekatwa, tena kwa wembe, zimenyooka vizuri. Nani amefanya hivi? Kama ni Shiro, mwenzetu wa zamu, nitamwandikia mimi mwenyewe.

Basi niambie wewe uliyemaliza. Kuna nini ndani ya hicho chumba?

Neno la Mama nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu. Lilinishangaza. Mama huyu aliyeturudisha nje tukiwa watoto kwa kuingia jikoni kwake bila hodi! Na kijani? Maisha yake yote ni nyekundu tupu, na kitu kizito, maana yeye ni mtu wa baridi. Nimesema basi, miaka sita ni mingi, watu hubadilika. Nimetafuta ya kijani.

Nikwambie jambo. Madam alitaka niongeze miaka miwili. Alisema atanibadilishia chumba, kiwe na dirisha. Nilikuwa karibu kukubali, Eddah. Naogopa kurudi, sitakuficha. Wanaorudi nimewasikia, wanasema unakaa kwenu kama mgeni, watu wanakupisha kiti. Lakini nikakumbuka neno la hodi, nikamwambia, halas, basi madam, narudi kwetu, mama ananingoja.

Dada yako,
Jerusha


Al-Safa, Jeddah
4 Julai 2025

Dada Jerusha,

Salamu nyingi. Naandika kwa haraka, kuna wageni kutoka Makka na nina mchele wa watu arobaini.

Hizo kurasa nafikiri zililowa maji njiani, mtu akaziondoa. Mwisho wake si wa ajabu. Mama yake Adelle yumo chumbani, mgonjwa lakini mzima. Mjomba ndiye aliyekuwa akitembea huko juu akitafuta hati ya nyumba, na anashikwa. Mama anapona. Adelle anaolewa na fundi wa paa. Ndiyo hivyo.

Andika tu maoni yako mafupi umpe Josphat kitabu, Paul anakiuliza.

Mama yuko salama.

Mdogo wako,
Eddah


Al-Malqa, Riyadh
25 Julai 2025

Eddah,

Hujambo.

Nilitoa kibanio nikafungua jalada la nyuma, niandike maoni yangu kama ulivyoniambia. Nilikuwa nimeshapanga la kusema, kwamba ni mwisho mwepesi kwa kitabu kizito. Shiro ameandika kwamba huyo fundi wa paa akija Riyadh yeye anaacha kazi siku hiyo hiyo. Ivy ameandika mistari mitatu juu ya mjomba. Na Rita, kwa ule mwandiko wake mkubwa, ameandika hivi, nanukuu yote:

"Maybeth ulikosea. Mama amekufa na wewe unaandika barua kwa jina lake ili dada yako arudi. Ningekuwa Adelle ningekuzaba kofi kwanza, halafu ndiyo tulie pamoja."

Nilisoma nimesimama, nikakaa kwenye kikapu cha nguo.

Mwanzoni nilijiuliza kwa nini unidanganye juu ya hadithi ya watu wasiokuwepo. Halafu nikachukua barua zako zote nikazipanga sakafuni kwa tarehe. Hadi Januari Mama anauliza. Anauliza kama nakula, kama madam ananipiga, kama kanisa liko. Kuanzia Machi hajauliza kitu hata kimoja. Anajibu tu. Na ya Februari sikuipata, uliniambia Josphat alisafiri.

Hata Josphat, ambaye hakosi mzaha, tangu wakati huo ananipa mzigo na kuangalia viatu vyake.

Eddah, Mama yuko?

Jerusha


Al-Malqa, Riyadh
15 Agosti 2025

Eddah,

Josphat amekuja mikono mitupu. Nimemuuliza kama ulimpa kitu, akasema hapana. Nimemuuliza lile jambo lenyewe, akasema, "Sista, hiyo sio yangu kusema," akaingia garini na bosi wake hajatoka ndani.

Najua mnachofikiria. Baba alipofariki Duncan alinipigia nikiwa nakaanga sambusa za Ramadhani, na mkono wangu mnaujua ulivyo hadi leo. Basi nimekusikia. Barua yako ikija, nitazima jiko kwanza, nitaosha mikono, nitaenda chumba cha kufulia na kukaa chini. Nakuahidi.

Andika sasa.

Dada yako,
Jerusha


Al-Safa, Jeddah
5 Septemba 2025

Dada yangu,

Kama umekaa, endelea kusoma.

Mama alitutoka Jumapili tarehe tisa Februari, asubuhi, akivaa viatu vya kwenda kanisani. Ilikuwa presha. Duncan alikuwa nje akimngoja. Hakuugua, hakulazwa, hakuteseka. Walimzika Ijumaa iliyofuata, kando ya Baba, na watu wa kwetu Matunda walijaa hadi barabarani.

Duncan na wazee walikaa wakasema, Jerusha asiambiwe akiwa peke yake ndani ya nyumba ya watu, aambiwe akifika. Wakasema mimi ndiye nimwandikiaye, mimi niendelee. Sikuwalaumu. Mkono wako niliuona kwenye picha kabla sijaja huku, na ndio nilioukumbuka nikikubali.

Barua ya kwanza nilidhani ningeandika tu "Mama anakusalimu" nikaacha hapo. Lakini ukauliza swali, nikajibu. Ukauliza lingine. Baadaye nikawa nangoja maswali yako, Jerusha, nisikufiche. Nilipokuwa nikiandika "Mama anasema", kwa ile nusu saa alikuwa akisema.

Kitabu kilikufuata kwa zamu, na kama ningekuruka ungeuliza sababu. Nilikata sura mbili za mwisho kwa wembe wa kutengeneza nyusi. Jalada la nyuma nililiona. Nilishika wembe pale kwenye maoni ya Rita, nikashindwa. Ya mwandishi nilikata, lakini maneno ya mwenzetu aliyeandika kwa mkono wake akasaini, hayo sikuweza. Nikajiambia utakuwa umechoka na hutasoma. Nilijidanganya hapo pia.

Umesema maneno ya Mama uliyaweka kwa tarehe. Basi chora mstari. Yote ya juu ya Februari ni yake, neno kwa neno, naapa. Ya chini ni yangu. Kijani ni mimi, kwa sababu mimi ndiye napenda kijani. Na lile la hodi pia ni langu. Mama hakulisema. Nilikuwa naogopa ukifika Novemba utasimama mlangoni, ubishe, usimsikie akijibu. Nilitaka upite hapo haraka.

Kurasa zako hizi hapa. Nilizitunza chini ya godoro.

Nisamehe. Ukinizaba kofi pia ni haki yako.

Mdogo wako,
Eddah


Al-Malqa, Riyadh
10 Oktoba 2025

Kwa mdogo wangu, Eddah,

Nakusalimu, na safari hii sikuulizi habari za afya kwa mazoea. Nataka kujua kweli. Unakula? Unalala?

Barua yako niliisoma kama nilivyoahidi, jiko limezimwa. Nililia siku hiyo, na siku nyingine nyingi baada yake. Madam alinikuta akaniuliza, nikamwambia mama yangu amefariki. Alinipa siku mbili na kunirudishia simu. Nilimpigia Duncan. Tulikasirikiana, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kisha akanipelekea simu makaburini nikaona msalaba.

Wiki mbili zilizopita Josphat alikuja nikamkalia njiani, nikamwambia leo hutoki. Akaniambia. Kwamba Februari ulifua na kupiga pasi siku saba mfululizo ili madam wako asione uso wako. Kwamba yeye ndiye aliyekuletea maji na mkate langoni. Kwamba hapakuwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoishia. Mlikaa mkapanga mimi nisilie peke yangu, na hakuna aliyeuliza wewe utalia na nani. Hata mimi niliyesoma barua zako zote sikuuliza.

Sura mbili za mwisho nimesoma. Maoni yangu nimeyaandika chini ya ya Rita, na kwa sababu kitabu sasa kinaenda kwa Paul nayanakili hapa: "Rita, kofi hapana. Adelle aliangalia mlango wa mama yake kitabu kizima, hakumwangalia dada yake hata mara moja. Kosa la Maybeth nimeliona. La Adelle hakuna aliyeliandika, basi naliandika mimi. Jerusha, Al-Malqa." Kurasa zako nimezirudisha mahali pake kwa gundi. Zimevimba kidogo lakini zinasomeka.

Madam aliniuliza tena juu ya ile miaka miwili. Alisema, bila ubaya, sasa nani anakungoja huko? Nilikaa na hilo swali siku tatu. Nikamwambia narudi tu. Tiketi ni ya tarehe ishirini na moja Novemba. Najua nikifika nitasimama mbele ya jikoni ya Mama na sitasikia mtu. Nitaingia hivyo hivyo. Lile neno nalichukua, liwe la yeyote.

Shali ya kijani nimempa Josphat akuletee. Ilikuwa yako tangu mwanzo.

Mkataba wako unaisha Machi. Nitapaka jikoni chokaa na kuweka kuku. Ukija, Eddah, usibishe hodi. Nitakuwa ndani.

Dada yako mkubwa,
Jerusha