Nilichoandika kwenye Semina ya Kustaafu

Kwako kifungua mimba wangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanasumbua. Mwezi ujao nastaafu kufua mashuka ya hospitali. Tuliitwa semina, mwalimu akasema kila mtu aandike anachokithamini kuliko vyote, ndipo apange ataishi wapi. Wenzangu waliandika shamba, duka. Mimi niliandika kumwogesha mjukuu wangu.

"Mama, binti yako anajua kuwa unataka kuhamia kwake?" mwalimu akauliza.

"Anajua sana!" Nilidanganya.

Jana mdogo wako kaniambia mama mkwe wako keshahamia kwenu, na mtoto analala naye. Wivu, mwanangu, mpaka chakula hakipiti. Kwa nini hukuniita mimi?

Niruhusu nije. Nitalala hata sebuleni, na huyo mama nitaanza mimi kumsalimia.

Mama yako anayekungoja