Parachuti Ulilonichagulia

Shangazi yangu,

Sisi hatujambo. Cherehani yako nimeitia mafuta, imeacha kulalamika.

Siku ile karakanani kwako, unakoshona maparachuti, nilitaka lile parachuti dogo jekundu, la kasi. Ukanipa hili kubwa, ukasema, "Anayeruka na suti ya mabawa anahitaji parachuti lisilo na papara." Nikanuna, nikaliita shuka la bibi.

Jumamosi nilipolifungua angani, kamba zilijisokota mara nne, na mikono yangu bado imebanwa na mabawa ya kitambaa ya ile suti. Lile dogo lingenizungusha kama pia. Hili lilitulia juu yangu, likanisubiri nijinasue. Asante, Shangazi. Asante sana.

Sasa niambie ukweli: huo mguu unaouburuta, kweli ulivunjikia kwenye ngazi kama unavyosema, au chini ya parachuti dogo kama lile jekundu?

Mwanao, aliyetua kwa miguu yote miwili.