Tangu Nifunge Skrini, Hakuna Anayenitazama

Mpendwa Mama Ephrasia,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla sijaichukia kazi yangu. Mimi ni mpiga picha hapa Nshamba, nina miaka arobaini na saba, mke wangu alifariki, huu mwaka wa sita sasa, na watoto wako mbali, kwa hiyo watu ninaoongea nao ni wateja tu, na kamera yangu ni ya zamani, ile ya kubana jicho kwenye tundu, basi fundi mmoja wa Bukoba akanifungia juu yake kiskrini chenye mkono, unakigeuza unavyotaka, nikakielekeza kwa mteja ajione kabla sijabonyeza, na Mama, wateja wamefurika, lakini hakuna anayenitazama tena, kila mtu anajitazama mwenyewe, anajiweka sawa kola, mimi nimebaki kidole cha kubonyeza.

Zamani nilikuwa nasema, "Inua kidevu kidogo, cheka basi," tunataniana. Kuna Judica, mjane wa Kanazi, huja huku siku za gulio kuuza vitenge, na kila gulio alikuwa anapita kupiga pasipoti, namweka sawa kilemba, naye ananiletea kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kumkirimu mtu, kwenye jani la mgomba, naiweka mezani wateja wote wajichukulie. Siku nilipomwonyesha skrini alijitazama, akasema, "Kumbe siku hizi tunajitengeneza wenyewe," akalipa, akaondoka, hajarudi, hili ni gulio la tano, nadhani hakupenda rangi zake. Nyumbani nawasha redio ili tu kuwe na sauti ya mtu. Je, niiuze skrini, au nitafute nyingine yenye rangi nzuri zaidi?

Mpiga picha, Nshamba

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa nyumba iliyo kimya, hilo sikucheki. Hilo la rangi nakucheka.

Wewe mtu mzima, nani anahitaji picha za pasipoti kila gulio? Anasafiri kwenda wapi? Mjane wa watu amechemsha kahawa, ameikausha, ameifunga, ametoka nayo Kanazi mpaka kwako, wewe unaigawa kama karanga! Yule alikuwa anakuja umweke sawa kilemba. Ukamsimamishia skrini ajirekebishe mwenyewe. Arudi kufanya nini?

Skrini usiiuze, haina kosa lolote na inakulisha. Si ina mkono unaogeuka? Igeuzie upande wako, halafu inua kichwa uongee na watu kama ulivyozoea. Hiyo ni kazi ya kesho asubuhi.

Kwa Judica usisubiri gulio. Jumapili hii, ukitoka misa, panda gari uende Kanazi, uulize kwake, ubishe hodi. Kamera iache nyumbani, na usijifanye umepeleka picha. Akikuuliza umefuata nini, usimung'unye maneno, mwambie, "Nimekuja kukuona wewe. Nimechoka kukaa peke yangu."

Anaweza kukataa. Nenda hivyo hivyo. Magulio matano sasa mama wa watu anadhani wewe ndiye uliyemkataa.